Waliosaini Msibani

Siku ya kumzika Wilibrodi Sichalwe watu walijaa uani mpaka wakamwagikia barabarani, na wenye magari ikabidi wageuzie kwenye kona ya mashine ya kusaga. Klementina, mkewe, alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, na kila aliyeingia kumpa pole alimwambia neno lile lile: Wilibrodi alikuwa mtu wa watu. Wengine walikuja wamevaa jezi za Malungu, zile za kijivu na nyekundu, zimetoka masandukuni zikiwa bado na mikunjo. Jeneza nalo walilifunika bendera ya timu.

Klementina alizitazama jezi zile, akaanza kuzihesabu. Jumamosi ya wiki iliyotangulia, kwenye mechi ya mwisho Wilibrodi kuiona, uwanjani walikuwa watu thelathini na mmoja. Alijua, kwa sababu Wilibrodi alikuwa na kawaida ya kuwahesabu na kuwaandika kwenye daftari lake. Alirudi nyumbani ameloa mvua, akakaa jikoni karibu na moto, akasema, "Thelathini na mmoja, Mama Monika. Na wawili kati yao walikuwa wamepotea njia."

Walicheka. Jumatano kifua kikamkamata, Alhamisi hakuwepo tena.

Malungu ni yale matanuru ya udongo ambayo mababu wa Wafipa waliyeyushia chuma. Mengine bado yamesimama porini, marefu kuliko mtu, hayana kazi. Waasisi wa timu waliona hilo ndilo jina la nguvu. Siku hizi watani walisema jina limewakaa vizuri: limebaki gofu la kutazamwa na mbuzi. Wilibrodi alikuwa katibu wa timu hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Yeye ndiye aliyetunza muhuri na hati ya usajili kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na yeye ndiye aliyepita jikoni kwa majirani kila Ijumaa kukusanya majivu, kesho yake akachora nayo mistari ya uwanja, kwa sababu chokaa ilikuwa imewashinda.

Siku zile mbili za msiba, kwenye lango la ua, alisimama Valerian, mwenyekiti wa timu. Alikuwa mnunuzi wa mahindi na muuza mbolea, mtu mwenye sauti ya kujaza ghala. Mbele yake palikuwa na meza ndogo na karatasi za mistari. Rambirambi ziliandikwa kwingine, ndani, na katekista. Karatasi za Valerian zilikuwa za majina matupu: jina, saini, basi.

"Ili familia ijue nani alifika," alimwambia kila mtu.

Hakuna aliyepita bila kusaini. Huku Ufipa hesabu hiyo kila mtu anaijua: ukija kwangu nami nitakuja kwako, na asiyeonekana kwenye karatasi asije kushangaa siku yake akizikwa na ndugu zake peke yao. Wazee waliazimana miwani. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba.

Baada ya mazishi Klementina aliziomba karatasi zile. Alitaka yeye na binti yake Monika, aliyeolewa Mpui, wajue watu wa kuwashukuru. Aliziomba mara tatu, na mara tatu Valerian akajibu kwamba anazinakili vizuri.

Alikuja wiki ya tano, Jumanne asubuhi, na bahasha ya kaki kwapani.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, mwenyekiti."

Alikaa, akasifu mahindi ya nyuma ya nyumba, akauliza hali ya Monika, akakataa uji. Kisha akaweka mikono magotini.

"Nimekuja kukupunguzia mzigo, shemeji. Lile sanduku la marehemu. Nachukua muhuri na hati ya usajili."

"Katibu mpya ameshapatikana?"

"Katibu wa nini? Timu tunaiuza."

Alilisema kama mtu anayeuza mtamba. Kulikuwa na tajiri mmoja, si wa Sumbawanga, aliyekuwa na timu yake lakini hataki kuanzia ligi ya wilaya. Angechukua nafasi ya Malungu kwenye ligi ya mkoa, angebadili jina, angehamishia kila kitu kwao.

"Wilibrodi alilikataa jambo hili," Klementina alisema. "Alilikataa mwaka juzi, akalikataa mwaka jana."

"Alilikataa, Mungu amrehemu. Halafu waamuzi alilipa nani? Mimi. Lori la kwenda ugenini alilipa nani? Mimi, na bado wachezaji wakalisukuma kutoka Laela." Sauti ya ghala ilianza kupanda. "Miaka sita, shemeji, nalisha ng'ombe asiye na maziwa. Hawa unaowaona vijiweni, ukiwaambia kiingilio mia tano wanakwambia, mwenyekiti, hali ngumu. Mia tano hiyo hiyo wanampelekea Calvin kwenye banda lake la video, wanaangalia Wazungu. Mimi nimechoka kuwa mjinga peke yangu."

Lile lilikuwa kweli, na lilimuuma Klementina zaidi likitoka mdomoni mwa Valerian.

"Na wanachama wamesemaje?"

"Wamekaa. Mkutano mkuu wa dharura, tarehe kumi na nane mwezi huu. Wamepitisha wote. Soma mwenyewe, wewe si umesoma?"

Alikuwa amefika kidato cha nne, na alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Muhtasari ulikuwa aya mbili. Nyuma yake zilifuata kurasa za mahudhurio, majina na saini.

Jina la kwanza lilikuwa la Adela, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. La pili la Flavian, fundi seremala. La tatu la Lucia, mwenyekiti wa jumuiya yao. Hapo kidole kilisimama. Adela hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira tangu azaliwe. Ila Adela ndiye aliyefika wa kwanza asubuhi ile ya Alhamisi, na jiko la mkaa mkononi. Flavian alikuja wa pili, na futi yake ya kupimia urefu wa marehemu. Lucia alikuja na rozari na wanawake sita nyuma yake, na sita hao walikuwa pale kwenye karatasi, mmoja baada ya mwingine, vilevile walivyoingia mlangoni na kumwinamia.

Aliteremka na majina. Kwenye ukurasa wa nne alikuta dole gumba la Mboje, Msukuma mfuga ng'ombe wa bondeni, aliyeleta dume msibani. Na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho lilikuwepo jina la kaka yake mwenyewe, Felisian, mvuvi wa Kipili, ambaye gari lilimharibikia njiani akakosa mazishi, akafika jioni watu wakiondoka, akasaini hata begi hajalishusha. Tarehe kumi na nane Felisian alikuwa ziwani. Alimpigia simu siku hiyo hiyo, akilalamika dagaa wamehama.

Klementina alizikunja karatasi taratibu, asije akazichana mbele ya mgeni.

"Hii ni nakala?"

"Nakala. Yenyewe nimeshaipeleka ofisi ya mpira mkoa. Wanasubiri muhuri na hati tu."

"Niachie, niitafakari."

"Tafakari, shemeji. Jumatatu nakuja na pikipiki kuchukua sanduku." Aliinuka, akapangusa suruali. Alidhani mjane amesoma muhtasari wa mkutano. Hakujua amesoma msiba wake.

Klementina alipobaki peke yake hakulia. Alifua blanketi lililokuwa safi, akalikamua mpaka mikono ikawaka moto, kisha akaenda kwa Adela.

"Mimi? Mwanachama wa mpira?" Adela alicheka hadi akashika ukuta. "Mama Monika, mimi hata sijui ukitoka nje unakuwa umetoka wapi." Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Kwa hiyo nilikuja kukupa pole, yeye akanigeuza nimeuza timu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Shenzi kabisa." Kisha akatazama nje na kupunguza sauti. "Lakini nitasema nini mimi? Mbolea ya mtaa huu wote tumechukua kwake, tunalipa mavuno. Tafuta wanaume waseme. Mpira ni wao."

Mwanaume wa kwanza alikuwa Flavian. Alimkuta karakanani akipiga randa, amevaa fulana ya timu ya Ulaya. Aliitazama ile karatasi, akapiga mluzi.

"Kanichezea, kweli." Akairudisha. "Lakini tuambiane ukweli, mama. Timu yenyewe nani anaitazama? Auze tu. Mwenzetu kaona upenyo."

"Jeneza ulitengeneza bure, Flavian."

"Bure kabisa. Hata misumari ilikuwa yangu. Wilibrodi alikuwa mtu wa watu."

"Ungemlipia kiingilio hata mara moja akiwa hai, ungekuwa umetumia kidogo kuliko misumari."

Flavian alianza kupiga randa ubao ambao ulikuwa umeshalainika.

Siku tatu alizunguka hivyo, na siku tatu hasira ikapanda kama unga kwenye maji ya moto. Haikuwa tena ya Valerian peke yake. Valerian alikuwa mwizi, na mwizi unamjua. Hawa wengine walionyeshwa saini zao zilizoibwa na wakainua mabega. Mmoja alimwambia apumzike, mjane hapaswi kuhangaika na mambo ya wanaume. Mwingine akamuuliza kama tajiri atatoa chochote kwa wanachama.

Mtu pekee aliyekasirika alikuwa Mboje, na Mboje hakuwa hata shabiki. Klementina alimkuta mnadani, akamsomea, akamwonyesha dole lake. Mboje aliliinamia kama anayetambua chapa ya ng'ombe aliyepotea.

"Mimi mpira siujui," alisema. "Naona watu wazima wanagombania kitu kimoja, na wakikipata wanakipiga teke. Lakini dole hili nililitoa kwa maiti. Huyo mtu kalichukua kalipeleka sokoni?"

"Ndiyo, baba."

"Nionyeshe anakaa wapi."

"Njoo uwanjani kesho saa kumi."

"Nije na fimbo?"

"Njoo na dole gumba."

Jumamosi Malungu walicheza na timu ya Msanzi. Asubuhi Klementina alipita jikoni kwa majirani na debe, kama alivyofanya mumewe. Alichora mistari mwenyewe, ikaenda mshazari kidogo upande wa lango la juu, na Timoth, golikipa na nahodha, ambaye siku nyingine zote ni dereva wa bodaboda, akasema safi tu, mama, huku wafungaji wao watachanganyikiwa. Alikuwa na muhuri na kidau chake cha wino kwenye mkoba, na daftari la Wilibrodi, na zile karatasi. Alikaa kwenye kigoda cha mumewe karibu na kamba ya lango la kuingilia. Watu walipita wachache wachache, upepo wa mlimani ukiwapiga vumbi la majivu machoni. Mwamuzi alipopuliza filimbi ya kuanza, aliandika: ishirini na sita. Mboje alikuwa mmoja wao, ameegemea fimbo, anatazama kwa mashaka.

Ng'ambo ya barabara lilikuwa banda la Calvin, la mabati na maturubai meusi. Lilianza kujaa mapema, maana mechi ya Ulaya ya saa kumi na moja ilikuwa kubwa. Marudio ya mabao ya wiki iliyopita yalikuwa yakionyeshwa, na kila mara kelele ililipuka, mabati yakatetemeka. Msanzi walifunga dakika ya thelathini. Hakuna aliyelia wala kushangilia. Sekunde hiyo hiyo banda lilipiga kelele kubwa kwa bao la mtu mwingine.

Mapumziko Timoth alikuja kunywa maji.

"Usiwasikilize, mama. Sisi tumezoea. Wakishangilia kule, tunajifanya wanatushangilia sisi."

Alilisema kwa kutabasamu, kama mzaha wa zamani wa chumba cha kubadilishia nguo. Klementina alimtazama, magoti yamepauka majivu, soksi moja ya kijivu na moja nyeusi. Akainuka. Alichukua zile karatasi, akamwambia Mboje amshikie daftari, akavuka barabara.

Calvin alikuwa mlangoni na kopo la hela. "Mia ta..." Akaona kitambaa cheusi. Mjane ambaye msiba wake haujamalizwa haingii mahali pa vicheko, na akiingia watu hujiuliza kimetokea nini. Calvin aliweka kopo chini. "Shikamoo, mama. Kuna msiba mwingine?"

"Upo," alisema, akampita.

Ndani palikuwa na joto la watu zaidi ya mia, harufu ya mihogo ya kukaanga na jasho. Wachezaji wa Ulaya walikuwa wakitoka kwenye njia yao kuingia uwanjani. Klementina alitembea katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama hapo, kichwa chake mbele ya runinga, kitambaa kimekata nusu ya picha.

"Mama, unatukinga," sauti ilisema nyuma.

"Kaa kimya, ni mke wa marehemu Wilibrodi."

"Ya marehemu tulishamaliza..."

"Nyamaza, wewe."

Hakusalimia. Alifungua karatasi, akaanza kusoma kwa sauti ile ya kusomea somo kanisani, bila kupandisha. "Flavian." Flavian aliinua mkono kama mwanafunzi, akaushusha haraka. "Leonidas." Mwalimu mstaafu aliyekaa benchi la pili alivua miwani. Alisoma kila jina la mtu aliyemwona mbele yake, na alikuwa akiwaona wengi. Calvin, bila kuambiwa, alizima sauti.

"Mlisaini kwangu kwamba mmekuja kunizikia mume," alisema alipofika mwisho. "Valerian amezipeleka saini hizo ofisi ya mpira mkoa kwamba mlikaa mkutano, mkauza timu. Mimi sikuja hapa kuwaomba. Nataka kujua tu mlikuja kufanya nini nyumbani kwangu siku ile. Aliyekuja kuuza, akae hapo alipo aendelee kuangalia. Aliyekuja kuzika, asimame."

Juu ya kichwa chake mpira wa Ulaya ulianza.

"Na aliyekuja kula nyama?" mmoja aliuliza nyuma, na vicheko vikapita vichache.

"Naye asimame. Nyama ilikuwa ya Mboje, na Mboje yuko uwanjani."

Wa kwanza kusimama alikuwa mwalimu Leonidas, akishikilia kiuno. "Mimi nilikuja kuzika," alisema. Baada yake alisimama Flavian, macho chini. Kisha mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu, huku na huku, wengine wakiinuka kwa haraka ya aibu, wengine wakitazama kwanza nani kasimama. Si wote. Walikuwepo ambao hawakufika msibani, hao hakuwa na neno nao. Walikuwepo pia waliofika, waliokula, waliosaini, ambao sasa walikaza macho kwenye runinga iliyokatwa nusu kana kwamba hawamjui. Aliwatazama mmoja mmoja ili asiwasahau.

"Mama, na mimi nilisaini," Calvin alisema mlangoni. "Lakini nikija, runinga namwachia nani?"

"Ijiangalie."

Walivuka barabara, sitini na kitu. Kwenye kamba ya lango la uwanja Klementina aliwasimamisha wote. Juu ya ukurasa mtupu wa daftari la Wilibrodi alikuwa ameshaandika maneno tangu usiku uliopita: Tulisaini msibani. Hatukusaini mkutanoni. Malungu haiuzwi.

"Someni kwanza," alimwambia kila mmoja akimpa kalamu. "Safari hii someni."

Mboje alikuwa wa kwanza. Alibonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino, akaligandamiza kwenye karatasi kwa uzito wa mwili wote, akalitazama. "Hili sasa liko mahali pake," alisema. Mwalimu Leonidas alisaini, akaweka mia tano ambayo hakuna aliyemwomba, na wa nyuma yake wakaona aibu kupita bila kuweka.

Habari haikawii mtaani. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza Valerian aliposhuka kwenye pikipiki, koti halijafungwa vifungo.

"Shemeji, unanidhalilisha. Tulizungumza kama ndugu."

"Tulizungumza."

"Mimi ndiye niliyesimamia msiba wako siku mbili. Nilisimama pale mlangoni jua na mvua."

"Ulisimama." Klementina alimfungulia zile karatasi za nakala, ukurasa baada ya ukurasa, mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni. "Nionyeshe jina lako."

Valerian alitazama. Hakulitafuta, maana alijua. Aliandikisha watu mia tatu na zaidi, na yeye mwenyewe hakujiandika, kwa kuwa tangu mwanzo alijua zile si karatasi za msiba.

"Humo ndani yupo Msukuma asiyejua mpira," Klementina alisema. "Yupo kaka yangu aliyesafiri kutoka ziwani. Wewe hupo. Kwa hiyo hukufika kumzika Wilibrodi, mwenyekiti. Siku yako ikifika, mimi sina deni kwako."

Watu walitazamana. Neno hilo huku halitamkwi ovyo. Flavian alijaribu kulipunguza makali: "Wanasema Sumbawanga kuna uchawi. Uchawi huo ungekuwepo kweli, mwenyekiti, saa hizi ungekuwa umeshaota mkia." Wachache walicheka. Valerian hakucheka.

"Haya," alisema, na safari hii sauti yake haikujaza hata foleni. "Leo mmesimama. Mmevimba. Jumamosi ijayo mtakuwa wapi? Waamuzi atalipa nani? Mwalimu, wewe? Flavian, wewe?" Alingoja. Kila mtu alikuta kitu cha kutazama chini. "Nilijua," alisema, akapanda pikipiki.

Malungu walifungwa moja kwa bila. Kwa nusu saa hivi walikuwa na kelele nyuma yao kwa mara ya kwanza msimu ule, Timoth akaruka kama mwendawazimu kuokoa mipira miwili, hata Mboje akauliza kwa nini hao wa Msanzi hawafukuzwi. Lakini dakika ya sabini Klementina alianza kuwaona wakitoka wawili wawili, mikono mifukoni, wakivuka barabara kurudi kwenye mpira wa Ulaya. Hawakuaga. Filimbi ya mwisho ilipolia walikuwa wamebaki watu arobaini.

Jumatatu Valerian hakuja kuchukua sanduku. Klementina alilibeba mwenyewe hadi ofisi ya mpira mkoa, Leonidas na Mboje pembeni yake. Ofisa aliyewapokea aliweka karatasi mbili za majina sambamba, akalinganisha saini, akasikiliza habari ya Felisian na tarehe kumi na nane. Alimuuliza Mboje kama lile dole ni lake. Mboje akamwonyesha. Ofisa alisema mauzo hayo hayapiti, na kwamba mwenyekiti ataitwa kujieleza. Akampa Klementina barua, nayo akaigonga muhuri.

Nje, Leonidas alimpa mkono. "Umeiokoa timu, Mama Monika."

"Tutaona," alisema.

Aliona Jumamosi mbili baadaye, mechi iliyofuata ya nyumbani. Alikusanya majivu, akachora mistari, safari hii ikanyooka. Waamuzi walilipwa kwa zile mia tano za siku ya saini, na hapo zikaisha. Alikaa kwenye kigoda. Leonidas alikuja. Mboje alikuja na mwanawe, akamweleza sheria za mpira karibu zote kimakosa. Flavian hakuja. Klementina alihesabu, akahesabu tena, akaandika chini ya mwandiko wa mumewe: ishirini na wawili. Ukurasa wa pili yake ulikuwa umejaa saini sitini na tatu. Malungu haiuzwi. Alizipitia moja moja, akipiga kistari kidogo mbele ya kila ambaye hakuja, kwa mkono mzito, kalamu ikitoboa karatasi.

Kipindi cha pili Adela alitokea kwenye kamba, anahema, kanga begani.

"Mama Monika, nakutafuta kila mahali. Mama yake Flavian amefariki, saa nane hii. Mtaa mzima uko kule, watu wamejaa mpaka barabarani. Twende."

"Umeingia?"

"Nini?"

"Umevuka kamba. Umeingia. Mia tano."

Adela alimtazama, akaona hatanii, akafungua ncha ya kanga. Klementina alipokea, akafuta ishirini na wawili, akaandika ishirini na watatu.

"Sasa twende," Adela alisema.

"Nitakwenda. Kuzika hatujawahi kushindwa." Alimsogezea nafasi kwenye nyasi kando ya kigoda, macho yake uwanjani. "Mpira uishe kwanza."